Si viraka, Mhariri, ni nakshi

Mhariri,

Gazeti lako limekuwa likiingia nyumbani mwangu hapa Kibokoni tangu mume wangu yu hai, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo nimechukua kalamu kwa sababu ya picha. Katika ukurasa wenu wa kazi za mikono, juma lililopita, mlitoa picha ya mfarishi mweupe wenye ua jekundu la yungiyungi katikati, na maelezo ya chini yake yakauita blanketi la viraka kutoka Bangladesh. Ile picha nimeikata, ninayo hapa mezani. Nimeipeleka dirishani kwenye mwanga, nimetafuta kiraka hata kimoja. Hakimo.

Kitu kile wenyewe hukiita nakshi kantha. Litazame neno la kwanza. Nakshi ni neno letu, lile lile tunalolitumia kwa milango ya Mji wa Kale na ya Lamu. Asili yake ni Kiarabu. Kwa Wabengali, watu wa Bangladesh na wa Bengal ya upande wa India, lilipitia kwa Waajemi, kwetu likaja na majahazi. Mwandishi wenu hakuwa na haja ya kulitafsiri. Lilimfikia likiwa tayari ni Kiswahili, akaliweka kando, akachukua viraka.

Nisiyasemee mambo kwa mbali. Mwanangu wa kwanza alizaliwa 1984. Baba yake alikuwa baharini, akifanya kazi chini kwenye mitambo ya meli ya mizigo, na wenzake wengi huko chini walikuwa watu wa Chittagong na Sylhet, maana watu wa sehemu hizo za Bangladesh wamekuwa mabaharia tangu enzi za meli za makaa. Barua yangu ya kumpasha habari kwamba amepata mtoto wa kiume ilimkuta Karachi. Mmoja wa wenzake, mtu mzima wa Chittagong ambaye mume wangu alimwita bhai, yaani kaka, alifungua sanduku lake akatoa nguo iliyokunjwa, akampa amletee mtoto. Mkewe ndiye aliyeishona. Ilipofika hapa mtoto alikuwa na miezi saba.

Nilipoikunjua sikuipenda. Nilikuwa na miaka 22, nimesubiri zawadi ya ng'ambo, nikaona nimeletewa nguo kuukuu ya watu. Mama mkwe wangu akanipokonya taratibu, akaipitisha shavuni, akasema, "Mwanangu, hii imefuliwa ikafulika. Mlaze mtoto." Nikamlaza. Alilala hadi adhana ya alasiri, mtoto ambaye hakuwa akilala mchana. Watoto wangu wote watatu walilala juu ya nguo ile.

Kwa Wabengali ukuukuu ndio sharti la kwanza. Sari ya pamba ikishavaliwa miaka, ikafuliwa na kuanikwa juani hadi wanga wote ukatoka, hulainika kuliko chochote cha dukani. Kipupwe chao ni kifupi, na mtu hahitaji blanketi la sufu. Anahitaji kitu chepesi cha kujifunika usiku wa Desemba na Januari. Basi sari, dhoti na lungi (hizi mbili ni nguo za wanaume za kujifunga kiunoni, lungi ni kama kikoi cha kwetu) zikichoka hazitupwi, hurudi sindanoni. Mtoto mchanga ndiye wa kwanza kuwekewa, kwa ule ulaini, na pia kwa imani kwamba nguo iliyokwisha kuvaliwa humkinga na jicho la hasidi. Hilo la jicho hata sisi hatuna haja ya kufunzwa na mtu.

Kantha yetu ilianza kuchanika ukingoni mwaka 1993. Nilitaka kuitia uzi nikaona kwa ndani. Kulikuwa na nguo tatu. Ya juu nyeupe, ya katikati ina mistari ya samawati iliyofifia, ya chini nyeupe tena. Hakuna aliyejua kuwa ile ya mistari imo humo isipokuwa mwenye kuiweka. Nikaendelea kutazama, nikaona jambo jingine: uzi mwekundu wa lile ua katikati ulikuwa wa rangi moja na kipande cha pindo kilichokuwa kimekunjwa ndani ya ukingo. Yule mama hakununua uzi. Pindo la sari hufumwa kwa nyuzi za rangi, naye alizivuta moja moja kutoka kwenye pindo la nguo yake mwenyewe, akatia sindanoni. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo walivyofanya wengi wa zamani. Siku ile sikujua, nilikaa barazani na ile nguo mapajani hadi taa za mtaani zikawaka.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo neno viraka linaponiuma.

Kiraka ni kipande. Unakata, unabandika mahali palipotoboka, au unaunga vipande vingi upate nguo moja. Ni kazi halali, na wapo wanaoifanya vizuri sana. Kantha ni tabaka. Nguo nzima hutandazwa chini, moja juu ya nyingine, tatu au nne au zaidi kwa kadiri ya baridi, zikanyooshwa hadi kusiwe na kunyanzi. Kando huwekewa vizito. Wa zamani walizikaza kwa miiba ya mtende. Kisha kingo hukunjwa na kushonwa, na safu mbili tatu za mishono mirefu hupitishwa toka kichwani hadi miguuni ili tabaka zisihame. Ikifika hapo, inaweza kukunjwa na kuwekwa. Mwanamke ana mchele motoni, ana mtoto analia, ana mpunga wa kuanika. Akipata nafasi anaitoa, anashona mkono mmoja wa nguo, anaikunja tena. Ndiyo maana moja huchukua miezi na nyingine huchukua miaka.

Mshono wake ni bandi. Hiyo tu, Mhariri. Sindano inazama, inaibuka, inazama. Fundi yeyote wa Mwembe Tayari atakwambia bandi ni mshono wa kushikia, wa kungojea cherehani. Cherehani ikishapita, bandi hutolewa, uzi ukatupwa. Mbengali aliuchukua huo mshono wa kutupwa akaufanya kazi yote. Wa zamani hawakuchora kwa kalamu, walichora kwa sindano. Kwanza yungiyungi katikati, kisha mti kila kona, au lile umbo wanaloliita kalka. Kalka ukiiona utacheka kwa furaha, maana ni korosho la kwenye leso, lile lile, limepinda ncha vile vile. Kati ya kona na ua huingia samaki, tembo, ndege, mashua, kitana, kila anachokijua mshonaji. Palipobaki patupu hujazwa bandi za uzi mweupe, safu kwa safu, zikifuata umbo la ua kama maji yanavyozunguka jiwe. Nguo huvutika kidogo kidogo ikapata mawimbi, mfano wa mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Mawimbi hayo ndiyo niliyoyatafuta kwenye picha yenu, na yamo, yanaonekana hata kwa wino wa gazeti.

Nakiri jambo moja, nisije nikaonekana nimelificha. Wenye elimu ya lugha husema asili ya neno kantha ni matambara. Sawa. Tambara ndilo alilokuwa nalo mwanamke mkononi alipoanza. Alipomaliza akaongeza neno nakshi mbele. Ukilitoa hilo la mbele ukamwachia la nyuma peke yake, umemrudisha alikoanzia.

Kwao hazitumiki kitandani tu. Ipo ya kufunikia Msahafu, wanaiita gilaf, ipo ya kuswalia, ipo ya kufungia vitabu na vitu vya thamani, ipo nyembamba ndefu ya kuviringia kioo na kitana. Waislamu hushona, Wahindu hushona, na lile yungiyungi limo kwa wote. Wengine huandika kwa sindano. Binti yangu alinionyesha kwenye simu moja ya karne ya 19, imo katika mkusanyo wa Gurusaday Dutt huko Kolkata, imeshonwa na mwanamke aitwaye Manadasundari kwa ajili ya baba yake, na ameandika humo kuwa ni yeye. Sisi watu wa leso tunapaswa kulielewa hilo haraka kuliko wengine, maana tangu tukiwa wadogo tumesoma maneno juu ya nguo za mama zetu. Tofauti ni kwamba jina la leso hupigwa kiwandani kwa maelfu, naye aliandika moja, kwa mkono, na jina ni lake.

Utaniuliza, kwa nini mama mzima anasumbuka na neno moja chini ya picha?

Mama yangu alikuwa akishona kofia za viua. Kila anayeijua kofia hiyo anajua ilivyo: nguo mbili, uzi kati yake, vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, mamia yake. Kofia moja ilimchukua wiki sita, akishona baada ya kazi za nyumba, karibu na taa. Kulikuwa na mnunuzi aliyekuja hadi mlangoni. Nilikuwa na miaka 10 hivi, nimekaa nyuma ya mama, na nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuiita kofia ya viua. Alisema, "hiki kikofia cha matundu." Alikigeuza, akakitazama kwa ndani, akarudia tena, kikofia cha matundu. Akaacha fedha ya unga na mafuta ya taa ya juma moja. Wiki sita kwa juma moja. Mama hakubishana, alihitaji ile fedha. Usiku alinambia, ameitia matundu kwanza ndipo apate kuilipa ya matundu. Sijasahau. Kila nikisikia kazi ya mwanamke ikipewa jina la kuishusha, nangojea kuisikia bei.

Ndivyo na viraka. Msomaji wenu akilisoma hilo neno, kesho akaiona kantha ya kweli mahali, atauliza bei akisikia atashangaa: viraka hivi? Na aliyeshona amekaa miezi minane.

Bangladesh walikwisha kulijua hilo. Vita vya 1971 vya kujitenga na Pakistan viliacha wanawake wengi bila waume na bila riziki, na kantha ikawa mojawapo ya kazi walizopewa waweze kulisha watoto. Shirika la BRAC likafungua duka la Aarong mwaka 1978 kuuza kazi za mikono za vijijini, na Jamalpur na Jessore zikajulikana kwa kantha. Upande wa India, Pratima Devi, mke wa mwana wa mshairi Rabindranath Tagore, alikuwa amekwisha kuihuisha kule Shantiniketan kabla ya hapo. Siku hizi nyingi hushonwa juu ya hariri na nguo mpya, kwa ajili ya soko, na wanunuzi wako mbali. Mimi moyo wangu uko kwa zile za nguo kuukuu, lakini simlaumu anayeshona ya kuuza. Mwaka 2008 jina nakshi kantha lilisajiliwa India kuwa ni mali ya kazi ya Bengal Magharibi. Mtu hasajili jina lisilo na faida. Nasi tunakumbuka, siyo zamani sana, kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kulisajili jina la kikoi kuwa lake, na Wakenya wakapiga kelele. Tulijua wakati ule kwamba jina ni mali.

Mimi mwenyewe nilianza kushona mwaka mume wangu alipofariki, 2009. Eda ni ndefu kwa mtu aliyezoea kutoka. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuagiza doti mpya kutoka Biashara Street, nikidhani nguo nzuri itatoa kazi nzuri. Sindano ilikuwa ikikwama kwenye wanga, vidole vikaingia damu hata subana haikusaidia, na nilipoifua kila tabaka ilirudi kwa kadiri yake: ya juu ikafinyana, ya chini ikabaki imelegea. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu. Nikaifumua yote.

Nikafungua kasha la marehemu mama. Leso zake zilikuwa zimefuliwa mpaka unaona mwanga ukizipitia. Nikachagua nne. Kisutu chake cha harusi, ambacho hakina maneno, nikakiweka juu. Ile yenye WEMA HAUOZI nikaiweka ndani, katikati, kama yule mama wa Chittagong alivyoweka ile yake ya mistari. Hakuna atakayeisoma tena. Imo.

Uzi ndio ulionitaabisha. Nilitaka kuuvuta kutoka kwenye pindo, kama wao. Lakini pindo la leso halikufumwa, limepigwa chapa. Ukivuta uzi unatoka madoamadoa, rangi upande mmoja na weupe upande wa pili. Nilijaribu leso tatu, nikakata tamaa. Ni siku ya kukunja nguo za mume wangu ili zitolewe sadaka ndipo nilipokishika kikoi chake. Kikoi kimefumwa. Rangi ya pindo imo ndani ya uzi wenyewe, mwanzo hadi mwisho. Nikavuta mmoja ukaja, mrefu, mwekundu, haukukatika. Nilibakisha vikoi vitano, vilivyosalia vikaenda. Katika kona nne nimeshona korosho, katikati nikashona ua la mwasumini badala ya yungiyungi, kwa sababu ndilo ninalolijua.

Mfarishi huo wa kwanza yuko nao mwanangu aliyelala juu ya ile kantha ya 1984. Sasa nashona wa pili, wa mjukuu.

Ndipo huniuma nikipita vichochoroni nikaona leso laini, iliyokwisha kufikia ule ulaini unaochukua miaka 20 kupatikana, imefanywa kitambaa cha kupangusia sakafu. Wiki nzima Kongowea watu wanachambua mitumba ya ng'ambo, nasi nguo bora zaidi ya kulalia tunayo ndani na tunaipigia deki. Wasichana wanaotoka chuo cha ushonaji wanajua cherehani, na bandi wanaijua, lakini wamefunzwa kuitoa. Ningependa mmoja aambiwe aiache.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo na nalitaka. Mchapishe tena ile picha, kwa ukubwa ule ule, na chini yake muandike nakshi kantha, nguo kuukuu za tabaka zilizoshonwa kwa bandi. Msiniandikie kwamba msomaji mmoja amelalamika. Andikeni jina tu.

Na kwa wasomaji wenzangu wa Mombasa: katika mfarishi wa mjukuu nimemaliza kona tatu, na vikoi vya marehemu vimekwisha. Aliye na kikoi kuukuu chenye pindo jekundu lililofumwa, hata kama katikati kimetoboka, asikipeleke jikoni. Mimi ninachohitaji ni pindo. Akiache kwa Mhariri, nitamtuma kijana akichukue.

Mama Saidi,
Kibokoni, Mombasa